Vidonge, Kisukari na Amri ya Nane



Kuna neno ambalo husikika mara nyingi watu watokapo kanisani, na katika mikutano ya jumuiya, na hata katika mafundisho ya wachumba. Husemwa hivi: mwanamke amezaye vidonge vya majira atapata ugonjwa wa kisukari. Wengine huzidisha wakasema kwamba kisukari hicho ndicho adhabu yake, na kwamba hiyo ndiyo sababu Kanisa limevikataza vidonge hivyo. Aghalabu msemaji hana nia mbaya. Ataka kuwalinda binti zake na wake za ndugu zake wasiiache njia ya Kanisa. Walakini nia njema peke yake haitoshi. Mkristo hana budi kujiuliza pia: Je, neno hili ni la kweli?

Swali hili si dogo. Katika nyumba zetu wamo akina mama wenye kisukari ambao hawakumeza kidonge hata kimoja cha aina hiyo. Wamo wengine waliopewa vidonge hivyo na daktari kwa sababu ya ugonjwa. Wamo na wasichana wanaosikiliza kwa makini ili wajue kama sisi wakubwa twasema kweli. Hao wote hupata faida au hasara kwa maneno yetu. Kwa hiyo yafaa tulichunguze jambo hili kwa utulivu, kwanza lilivyo katika elimu ya uganga, kisha lilivyo mbele ya Mungu.

Kisukari ni nini? Ugali, wali, ndizi na viazi tulavyo hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo kazi yake ni kama ya bawabu: huifungulia sukari mlango ipate kuingia mwilini na kuwa nguvu. Insulini ikikosekana, au mwili ukiwa mzito kuitii, sukari hubaki katika damu. Huko huharibu polepole macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu.

Vidonge vya kuzuia mimba navyo vimetengenezwa kwa homoni zinazofanana na zile za mwili wa mwanamke. Vingi vina homoni mbili, estrojeni na projestini. Vingine vina projestini peke yake. Homoni hizo zaweza kuigusa kazi ya insulini. Basi hofu ya watu wa kwanza haikuzuka bure. Kidonge cha kwanza kilichoruhusiwa kwa kazi hiyo huko Marekani, mwaka 1960, kiliitwa Enovid. Kilikuwa na miligramu 10 za projestini na mikrogramu 150 za estrojeni. Kwa hesabu ya leo hicho ni kipimo kikubwa mno. Mwaka 1966 madaktari Wynn na Doar wa London waliandika katika jarida la Lancet kwamba baadhi ya wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya wakati ule, miili yao haikuweza kuimudu sukari kama ipasavyo. Aliyeonya katika miaka ile hakuwa mwongo.

Lakini elimu haikusimama pale. Vidonge vilipunguzwa nguvu, na vingi vya siku hizi vina mikrogramu 20 hadi 35 za estrojeni. Tena wanawake wengi walifuatiliwa kwa miaka mingi. Huko Marekani ulianzishwa mwaka 1976 uchunguzi mkubwa wa afya za wauguzi wa kike. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo juu ya wauguzi zaidi ya 100,000 waliofuatiliwa kwa miaka 12. Wale waliokuwa wakitumia vidonge hawakuonekana kupata kisukari kuliko wenzao. Wale waliowahi kuvitumia zamani waliwazidi wenzao kidogo tu: mahali ambapo wangeugua 100 kati ya wasiotumia, waliugua kama 110 kati ya idadi iliyo sawa ya waliotumia. Hayo siyo maangamizi yanayohubiriwa. Kwa mwanamke mwenye afya, elimu ya leo haisemi kwamba vidonge humletea kisukari.

Je, basi hakuna hatari yoyote? La, hatusemi hivyo. Ukweli nusu ni ndugu wa uongo. Wapo wanawake ambao kwao jambo hili lataka uangalifu.

Kwanza, wapo akina mama waliopata kisukari wakati wa ujauzito. Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake wa asili ya Amerika ya Kilatini huko Los Angeles, ambao walikwisha kuugua kisukari cha mimba. Wale waliotumia vidonge vya projestini peke yake walipokuwa wakinyonyesha walipata kisukari cha kudumu karibu mara tatu kuliko waliotumia njia zisizo na homoni. Waliotumia vidonge vyenye homoni mbili hawakuonekana kuwa na ongezeko hilo. Uchunguzi mmoja si hukumu ya mwisho, na Shirika la Afya Duniani halikuwakataza wanawake hao vidonge kwa sababu hiyo. Lakini mwenye hekima hulichukua kuwa onyo.

Pili, wapo wanawake ambao tayari wana kisukari, nacho kimekwisha kugusa macho, figo au mishipa ya fahamu, au wameishi nacho zaidi ya miaka 20. Kwa hao Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba vidonge vyenye estrojeni kwa kawaida visitumiwe. Sababu kubwa hapo ni mishipa ya damu: estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, na mwenye kisukari cha muda mrefu mishipa yake imekwisha kuchoka. Mwenye shinikizo kubwa la damu kadhalika, na mwanamke avutaye sigara aliyepita umri wa miaka 35.

Hayo ndiyo mambo yenyewe, bila chumvi na bila sukari. Sasa tuyatazame kwa macho ya imani.

Amri ya Nane yatukataza kusema uongo. Haikuweka kando uongo unaosemwa kwa faida ya dini. Kumbukeni habari za Ayubu mtakatifu. Rafiki zake walikuja kumfariji katika majipu yake, wakaanza kumtetea Mungu. Walisema kwamba ugonjwa wake hauna budi kuwa malipo ya dhambi, kwa kuwa Mungu ni mwenye haki. Maneno yao yalisikika kuwa ya kidini kabisa. Lakini Ayubu aliwauliza kama wataka kumsemea Mungu kwa udanganyifu. Na mwisho wa kitabu, Mungu mwenyewe aliwakasirikia watetezi hao, akamtaka Ayubu awaombee. Tazameni ajabu hii: mgonjwa ndiye aliyewaombea wahubiri!

Na tusidhani hilo ni la Agano la Kale tu. Mtakatifu Augustino, yapata mwaka 420, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kwa sababu baadhi ya Wakatoliki wa siku zile walifikiri yafaa kudanganya ili kuwafichua wazushi. Augustino aliwakatalia. Aliona kwamba mtu akisikia mara moja kuwa watetezi wa imani huruhusu uongo ufaao, hatajua tena lini wasema kweli, hata wanapomhubiri Kristo mwenyewe.

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Tuseme binti amefundishwa kwamba Kanisa hukataza vidonge kwa kuwa huleta kisukari. Anakwenda mjini kusoma uuguzi. Katika mwaka wa pili mwalimu wake anamwonyesha uchunguzi tuliokwisha kuutaja. Binti huyo atafikiri nini? Atasema: kumbe nilidanganywa. Wala hataishia kwenye kisukari. Atauliza kama hakudanganywa pia juu ya usafi wa moyo, juu ya sakramenti ya ndoa, juu ya uzima wa milele. Tulimjengea nyumba juu ya mchanga, na mvua ya kwanza imeiangusha.

Mafundisho ya Kanisa hayakujengwa juu ya mchanga huo. Baba Mtakatifu Paulo VI alipotoa barua yake Humanae Vitae, tarehe 25 Julai 1968, hakuweka neno la kisukari ndani yake. Sababu aliyoitoa ni nyingine, tena ya ndani zaidi. Alifundisha kwamba tendo la ndoa lina maana mbili, kuwaunganisha mume na mke katika pendo, na kuwa wazi kwa uzima. Na kwamba mwanadamu hana ruhusa ya kuzitenganisha kwa mkono wake mambo hayo mawili ambayo Mungu ameyafunga pamoja. Sababu hiyo haipungui nguvu kidonge kikiwa salama, wala haiongezeki kidonge kikiwa na madhara. Kama kesho wataalamu wangetengeneza kidonge kisicho na dhara hata chembe kwa mwili, fundisho hili lingebaki palepale. Kwa nini basi kulitegemeza kwa fimbo iliyovunjika?

Tena fundisho hilo lenyewe lina huruma ambayo wengi hawaijui. Tarehe 12 Septemba 1958, Baba Mtakatifu Pio XII aliwajibu madaktari wa magonjwa ya damu waliokutana Roma. Alieleza kwamba mwanamke akinywa dawa ya namna hiyo kwa ajili ya kutibu ugonjwa, wala si kwa kusudi la kuzuia mimba, hatendi dhambi, ingawa kwa muda hatapata mimba. Paulo VI alirudia jambo hilohilo katika Humanae Vitae, namba 15. Basi yuko mama atokwaye na damu nyingi kila mwezi hata akaishiwa nguvu. Yuko msichana ambaye mayai yake ya uzazi hayapevuki sawasawa na homoni zake zimevurugika. Huyo wa pili, kwa ugonjwa wake wenyewe, yumo katika hatari ya kisukari kuliko wenzake. Na dawa ambayo daktari huwapa wagonjwa kama hao mara nyingi ni vidonge hivihivi. Jirani akimwona na pakiti mkononi na kumtangaza katika jumuiya, amekosa mara mbili: amemhukumu asiye na hatia, na yamkini amemfanya aiache dawa aihitajiyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa ustadi wake watoka kwa Mungu, na kwamba mtu mwenye akili hazidharau dawa.

Kuna dhara jingine la uvumi huu, nalo laweza kuwa kubwa kuliko yote. Mama asiyetumia vidonge husema moyoni: kisukari si changu, hicho ni cha wale wengine. Kwa hiyo hapimwi. Ana kiu isiyokoma, huamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, amekonda, macho yanafifia, kidonda cha mguu hakiponi. Naye husema ni uchovu, au ni jicho la jirani. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba watu wazima milioni 24 katika Kanda ya Afrika walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba zaidi ya nusu yao hawakujua kuwa wanao. Ndugu zangu, uvumi umfanyao mtu adhani yu salama waweza kuua kama sumu.

Hatari kubwa zijulikanazo ni hizi: kuwa na mzazi au ndugu mwenye kisukari, unene wa kupita kiasi, hasa wa tumboni, kukaa bila kazi ya mwili, umri kuongezeka, na kwa mwanamke, kuwahi kupata kisukari cha mimba. Jambo hili la mwisho lataka kusisitizwa. Mwaka 2009 yalichapishwa majumlisho ya chunguzi nyingi, yakaonyesha kwamba mama aliyepata kisukari cha mimba yumo katika hatari ya kisukari cha kudumu karibu mara saba kuliko mama ambaye mimba yake haikuwa nacho. Akina mama wengi hufurahi sukari ishukapo baada ya kujifungua, wakasahau. Wasisahau. Wapimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha wapimwe kila mwaka, au angalau kila baada ya miaka mitatu. Wanyonyeshe watoto wao, kwa kuwa maziwa ya mama humfaa mtoto, na kunyonyesha humpunguzia mama mwenyewe hatari hiyo.

Pengine msomaji atauliza: Je, gazeti letu limegeuka kuwatetea wauza vidonge? Hasha! Amri ya Nane yawahusu na wao. Majaribio makubwa ya kwanza ya vidonge yalianza huko Puerto Rico mwaka 1956, katika mwili wa wanawake maskini ambao hawakuelezwa vya kutosha kile walichokuwa wakipewa. Ilibidi Baraza la Senate la Marekani lisikilize mashauri mwaka 1970, ndipo vidonge vikaanza kuuzwa huko pamoja na karatasi ya kumweleza mwanamke hatari zake. Na hata leo, mwenye duka la dawa akimpa mwanamke pakiti dirishani bila kumwuliza kama ana kisukari, kama damu yake ina shinikizo, kama aliwahi kuvimba mguu kwa damu kuganda, amemfanyia nini jirani yake? Ameuza kimya, na kimya hicho nacho ni namna ya uongo. Anayekuza hatari ili kutisha, na anayeficha hatari ili auze, wote wawili wamemnyima mwanamke haki moja, yaani haki ya kuambiwa kweli juu ya mwili wake.

Sasa twageukia neno lililo gumu kuliko yote, nalo lawahusu wanaume. Mama mwenye kisukari akipata mimba wakati sukari yake imepanda sana, mtoto aweza kuumbika na kasoro ya moyo au ya uti wa mgongo, kwa maana viungo hivyo hufanyika katika wiki za kwanza kabisa, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Kwa hiyo kwake yeye kuchagua wakati wa mimba ni wajibu wa mapendo kwa mtoto ajaye, wala si anasa. Kanisa lajua hivyo. Humanae Vitae yenyewe yafundisha kwamba wenye ndoa, wakiwa na sababu nzito, wanaweza kupishanisha uzazi kwa kufuata majira ambayo Muumba ameyaweka katika mwili wa mwanamke. Madaktari John na Evelyn Billings wa Melbourne, mtu na mkewe, walitumia miaka mingi kuwafundisha watu kuzitambua dalili za majira hayo.

Lakini njia hiyo haiwezekani kwa mke peke yake. Ni njia ya watu wawili. Mwanamume apigaye kifua na kusema, nyumbani kwangu vidonge haviingii, kisha usiku hataki kusikia habari za siku za kujizuia, huyo hakulitetea fundisho la Kanisa. Amemwekea mkewe mgonjwa mzigo mzito, na yeye hataki kuugusa hata kwa kidole. Mume Mkristo ajifunze pamoja na mkewe. Ajue siku zao. Aende naye kwa mwalimu stadi wa njia hiyo, maana mama mwenye kisukari mara nyingi hupata maambukizo ya fangasi, nayo yaweza kuzichanganya dalili. Amsindikize kliniki. Akubali chakula cha nyumba nzima kibadilike, wala asimwache mkewe ale mboga peke yake huku yeye akidai soda na mandazi mbele yake. Huko ndiko kumpenda mke kama Kristo alivyolipenda Kanisa.

Basi, wapenzi wasomaji, tushike mambo machache.

Makatekista na viongozi wa jumuiya: fundisheni sababu ya kweli ya fundisho la Kanisa, nanyi ondoeni kisukari katika mafundisho yenu ya ndoa. Kama hamwezi kueleza sababu ile ya kweli, msikimbilie kutisha. Mwulizeni paroko, mjifunze.

Akina mama: asiache mtu dawa aliyopewa na daktari kwa sababu ya maneno ya njiani. Mwenye shaka arudi kwa daktari yuleyule amwulize waziwazi. Kama dawa ni ya ugonjwa, dhamiri yake itulie. Kama aitumia kwa kusudi jingine, hilo ni neno lake na Mungu na padre muungamishi wake. Huko atakuta Baba mwenye huruma.

Na sote, tumwonapo mama mwenye kisukari, tusimtafutie dhambi. Mitume walimwuliza Bwana wetu juu ya yule aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake? Bwana alilikataa swali lenyewe, akamponya yule mtu. Sisi hatuna uwezo wa kufanya miujiza. Lakini twaweza kumpeleka mgonjwa kupimwa, na kumsaidia kununua dawa, na kuufunga mdomo wetu pale tusipojua.

Imani yetu ina nguvu ya kutosha kusimama katika kweli yote. Mungu, ambaye ndiye Kweli, hakutuomba hata siku moja tumtetee kwa uongo.

Tumsifu Yesu Kristo.